Kaza Ikiwa Inasimama

Kituo cha Polisi, Bwera
Jumapili, 22 Juni 1969

Mpendwa dada Ajok,

Najua barua huanza kwa salamu, lakini nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo. Basi pokea kwanza neno ambalo sijamwambia mtu yeyote. Springi mpya za nyuma za gari la Baba nilizifunga mimi. Si fundi Abubaker. Nilizifunga peke yangu, na Baba hajui.

Sasa nakusalimu. U hali gani huko Jinja? Shemeji hajambo, na mtoto ameacha kukohoa? Sisi hapa hatujambo, ila barabara ya kwenda Kasese baada ya mvua imebaki mashimo matupu. Tangu nimalize shule Desemba niko nyumbani, napika, nafua, namsaidia Mama na samaki wake. Baba anasema ananitafutia kazi. Kila mgeni akija huniita nije kusalimu, nami husimama mlangoni nikitazama vidole vyangu vya miguu, kama unavyonijua.

Nianze na lile gari, ile pikapu ya kijani aliyoinunua Baba mwaka juzi. Baba akiwa hana zamu humpeleka Mama Kasenyi kununua samaki ziwani, kisha huwaleta kuwauza hapa na Mpondwe. Nadhani hujasahau jinsi ilivyokuwa kabla ya gari. Mama alikuwa akingoja lori ufukweni hata siku mbili, na samaki wakiharibika anarudi kuwazika nyuma ya nyumba bila kusema neno. Gari hilo ndilo lililomwondoa katika taabu hiyo. Lakini springi za nyuma zilikuwa zimechoka, hata ukipakia vikapu vitano tu linakaa chini kama kuku anayeatamia.

Mwezi wa tano Baba alinunua springi nyingine Mpondwe, kwa Philippe, Mkongo wa Beni anayeuza vyuma vya magari karibu na forodha. Hazikutoka kwa watu waliotengeneza gari. Ni nene zaidi, zimetengenezwa kwa barabara za Kongo. Baba alikuwa ameingia forodhani kusalimiana na wenzake, kwa hiyo maelezo yote Philippe aliniambia mimi. Alisema, “We mutoto wa polisi, sikia muzuri. Ile boloni ya mwisho, utaikaza wakati motokari inasimama.” Boloni ndiyo bolti kwao. Niliitika kwa heshima, lakini moyoni nilicheka. Nilijiuliza ni nani duniani anayekaza bolti wakati gari linatembea.

Siku chache baadaye Baba aliitwa Fort Portal kutoa ushahidi mahakamani, siku kumi. Aliniachia ufunguo na kuniagiza nimwonyeshe Abubaker kazi atakapokuja kutoka Kasese. Abubaker alikuja, akazigeuza springi kwa mguu, akasema vitu vya Kongo hivi avitazame mtu mwenye nafasi, na yeye nafasi ataipata baada ya Maulidi. Akapanda pikipiki yake akaenda.

Ndani ya sanduku la springi mlikuwa na karatasi ya Kifaransa. Maneno sikuyaelewa, ila picha zilikuwa na namba, moja mpaka kumi na moja. Nilizitazama siku tatu. Tangu nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumpa Baba spana akiwa chini ya gari, naye huitaja namba tu na kunyoosha mkono. Kwa hiyo spana nazijua zote. Siku ya nne Mama alipanda lori la watu kwenda Kasenyi, na mimi nikatoa mashuka yote ya nyumba, nikayalowesha, nikayaanika kwenye kamba kulizunguka gari pande zote nne. Huko ndani ya mashuka nikaweka jeki.

Sitakuchosha na yote. Nililaza chasisi juu ya magogo, nikatoa magurudumu, nikamwagia nati mafuta ya taa, maana zilikuwa na kutu ya miaka. Springi moja ni nzito kama mtoto wa miaka mitano, na haisaidii kama mtoto anavyojishikilia. Tundu moja lilikataa kukutana na jingine, nikalisukuma kwa jeki mpaka likakubali. Kisha nikakaza kila nati, bomba likiwa kwenye mkono wa spana, mpaka nikatetemeka mwili. Katikati ya kazi mke wa Konstebo Tumusiime alipita ng'ambo ya mashuka, akauliza, “Lakot, leo unafua ya kambi yote?” Nikasema ndiyo, mama. Akasema, “Basi na yangu nikuletee.” Akaleta matatu, nami nikayafua, ningefanyaje.

Niliposhusha gari lilisimama juu, limenyooka kama askari aliyeitwa mbele ya afande. Baba aliporudi alilizunguka mara mbili, akasema huyo Abubaker mdomo wake mrefu lakini mkono anao. Nilifungua kinywa nimwambie. Badala yake nikaenda kuchochea moto. Huo ndio uongo wangu, Dada, uongo wa kunyamaza.

Safari ya kwanza ya Kasenyi ndipo kelele ilipoanza. Zilikuwa mbili. Moja ilisema ko, ko, kila tulipoingia shimoni. Nyingine ililia nyiii, ndefu, kama mlango wa stoo, kila gari lilipoinama na kuinuka. Mama alimwuliza Baba kama kuna kuku amebanwa mahali. Baba hakucheka. Alisimamisha gari, akainama, hakuona kitu. Tulipofika nyumbani alisema springi ni nzuri na fundi ni mzuri, kwa hiyo kilichobaki ni chasisi. Chasisi imepasuka mahali pasipoonekana, na siku moja itakatika watu wakiwa juu. Akasema hawezi kuua watu kwa ajili ya samaki. Yuko bwana mmoja, Mbabazi, anayesafirishia watu mizigo forodhani Mpondwe, ambaye amelitamani gari hilo siku nyingi. Baba akampelekea habari aje kulichukua Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Gari jingine hatungelipata.

Mama hakubisha. Nilimsikia tu kesho yake akimwuliza jirani malori ya Kasenyi siku hizi hupita saa ngapi.

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilijua chasisi ni nzima, maana nilikuwa nimeifuta yote kwa kitambaa kwa mkono wangu. Kelele ilikuwa yangu. Lakini kusema hivyo ni kusema yote, na gari lililofunguliwa na msichana Baba angeliogopa kuliko lile lenye chasisi iliyopasuka. Nikaona njia ni moja, kuitafuta kelele na kuitoa kabla ya Jumamosi.

Jumatatu Baba alipokwenda Kasese kwa gari nilimwomba nipande nyuma, nikalala kifudifudi sikio likiwa kwenye bodi. Afande mmoja tuliyempa nafasi aliniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Hapo nikajua ko inatoka kulia na nyiii inatoka pande zote mbili. Jumanne nilifunga jeki na spana kwa matambara, zisije zikawa ndizo zinazogonga. Sizo. Nikapaka chaki ya shule kwenye bomba la moshi nione kama springi nene zinaligusa. Chaki ilibaki nzima. Nikaja kwenye nati za vyuma vinavyoibana springi kwenye ekseli, na hapo ya kulia ikageuka karibu mzunguko mzima. Springi zilikuwa zimejikalia vizuri na nati zikabaki nyuma. Nikazikaza zote. Jumatano ko ilikuwa imekufa.

Nyiii haikufa. Niliitia grisi, ikanyamaza asubuhi na kulia mchana. Ilitoka kwenye zile bushi, mipira iliyo ndani ya macho ya springi, yale matundu ya ncha zake, mahali bolti ya mwisho inapopita. Mipira ilikuwa mipya. Sikuelewa mpira mpya unalia nini.

Alhamisi nikaenda Mpondwe kwa miguu. Philippe alikuwa anapakua lori, na mapadri wawili wa Butembo wanamngoja. Nilisimama kando mpaka akaniona mwenyewe. Nikamwambia gari linalia kwenye mipira. Akasema, “Nilikuambiaka. Ukaze wakati motokari inasimama.” Nikamwambia lilikuwa linasimama, hata breki ya mkono nilivuta. Akashika kichwa, akasema kwa wapagazi wake, “Mutoto anasema alivuta freni.” Wote wakacheka. Nikashindwa kuuliza tena. Nikaondoka bila kujua chochote zaidi ya nilivyokuja.

Nilipita sokoni nikitazama chini. Karibu na wauza viazi palikuwa na mama wa Kikonzo anayemwuzia viazi mke wa askari mgeni, mwanamke wa kwetu kaskazini kwa lafudhi yake. Mwanamke huyo mgeni alitaka kubeba kikapu kwa kamba ya paji la uso, kama wanavyobeba watu wa milimani hapa. Akakaa chini, akaweka kikapu mgongoni, akaikaza kamba kwa nguvu, akainuka. Kamba ikamvuta kichwa nyuma mpaka akatazama mawingu, akawa analalamika shingo. Yule Mkonzo akamwambia, “Hapana, mama. Unakaza umekaa, ndio maana inakuuma. Simama kwanza na mzigo yako. Ukisimama, ndio ukaze.”

Nilibaki nimesimama katikati ya njia, mtu wa baiskeli akanipigia kengele.

Kusimama. Mimi nilisikia kuacha kutembea. Philippe alimaanisha gari lisimame kwa miguu yake, yaani magurudumu. Gari langu halikuwa limesimama, lilikuwa linaning'inia juu ya magogo, magurudumu hayapo, springi zimelegea. Nikaibana mipira ikiwa imelala vile. Niliposhusha gari, springi zikajikunja kubeba uzito, na mipira ikasokotwa kama nguo inayokamuliwa, ikabaki imesokotwa siku zote. Mimi pia ningelia.

Ijumaa mchana Baba alikuwa zamu na Mama amekwenda kwa mgonjwa. Safari hii sikuanika mashuka, sikuwa na muda. Nilipanga nyuma ya gari magunia ya chumvi ya Mama ili libebe kama linavyobeba siku zote. Nikaliacha juu ya magurudumu yake manne, nikajiburuta chini, pua yangu karibu inagusa chasisi. Nilipolegeza bolti ya kwanza, jicho la springi lilijigeuza lenyewe kidogo, likatoa sauti kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Nikafanya zote sita hivyo, tatu kila upande. Nikazikaza. Nikapanda nyuma nikaruka-ruka. Kimya. Nikaruka tena mpaka magunia yakatoa vumbi. Kimya, Dada. Nilikaa juu ya chumvi nikacheka peke yangu.

Jumamosi Mbabazi alikuja amevaa koti. Unamjua Baba, hawezi kumwuzia mtu kitu bila kutaja ubaya wake. Akamwambia, “Panda nikusikilizishe. Sikufichi kitu, gari lina kelele.” Mimi na Mama tulipanda nyuma. Gari likashuka mpaka daraja la Lhubiriha, penye yale mashimo mabaya, tukarudi. Baba akasema ngoja, akageuza. Mara ya tatu aliingia shimo moja makusudi, kichwa cha Mbabazi kikagonga paa. Mbabazi akasema, “Sajini Omara, hiyo kelele ni yangu mimi. Ya gari iko wapi?” Baba akazima injini. Akasema gari haliuzwi. Mbabazi akasema basi ataongeza, Baba akasema hata akiongeza. Mama, niliyekuwa nimebanana naye juu ya kikapu, alinishika mkono akaubana mpaka tukafika nyumbani. Jumatatu alikwenda Kasenyi na kurudi siku ile ile, na samaki wote waliuzwa.

Bado neno moja, na hili ndilo kubwa. Jumatano iliyopita Abubaker alitokea na mfuko wa vyuma, eti Maulidi imekwisha, amekuja kufunga springi. Nilikuwa peke yangu uani. Aliingia chini ya gari. Alipotoka hakuuliza nani. Alitazama kucha zangu. Kisha akauliza bushi nilizikaza gari likiwa chini au juu. Nikasema mara ya kwanza juu, mara ya pili chini. Akauliza nani alinifundisha, nikasema mwuza viazi. Alicheka mpaka akakaa kwenye gurudumu.

Hapo hapo Baba akaja kutoka zamu, akamshika mkono, akamshukuru kwa kazi nzuri. Nilifumba macho. Abubaker akasema, “Asante, afande.” Halafu akasema karakana yake ya Kasese inahitaji mtu aliyesoma, wa kuandika majina ya wateja na kusoma karatasi za vyuma, na kama afande angemruhusu binti yake. Baba alifurahi sana. Kesho naanza. Nitakaa kwa mama Naome, mke wa askari mwenzake Baba, katika kambi ya polisi ya Kasese. Baba akiwa ndani, Abubaker aliniambia taratibu nije na nguo kuukuu, kwa kuwa kalamu nitaishika asubuhi tu, na mengine yote yako chini ya magari.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto, na jirani zako wanaonikumbuka uwaambie nipo. Mama anasema utapata samaki mtu akija huko. Lakini haya mengine, Dada, nakuomba uyaweke wewe peke yako, hata shemeji asijue. Nataka Baba ayasikie kwangu, siku nitakapoweza kumwambia nikiwa nimemtazama usoni. Mpaka siku hiyo, akikuandikia kuuliza kama kazi ya ukarani naiweza, mjibu kwamba mwandiko wangu unazidi kuwa mzuri.

Mdogo wako akupendaye,
Lakot