Kibuyu cha Mama na Kura za Wabera

Alhamisi. Vumbi tupu. Upepo wa leo umeng'oa mabango ya Kufuli kuanzia stendi mpaka msikitini, na naapa sikuyagusa hata moja. Nilisimamisha boda tu, nikatazama yakiruka.

Niko na raha. Kama siwezi kuandika ukweli hapa, nitauandika wapi? Niko na raha ya mtu aliyelipiza.

Kwa wale mnaosoma mkiwa mbali: Kufuli na Ngazi ni alama za wagombea wawili wa urais. Hapa Isiolo hatujisumbui na majina marefu ya vyama. Unaulizwa tu, wewe ni Kufuli ama Ngazi? Uchaguzi uliopita mtaa wetu wa Wabera ulikuwa Kufuli mtupu. Mtu wa Ngazi alikuwa anavaa fulana yake ndani ya shati, kama mtu anayeficha kidonda.

Asubuhi nilienda pale shule ya msingi tulipopigia kura. Fomu ya matokeo imebandikwa mlangoni, watu wanasukumana wakiipiga picha. Mimi niliisoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu mkuu anayetaja waliofeli. Ngazi imejaa. Kufuli imepata kura ambazo ningezibeba zote kwa boda yangu, safari moja, na bado nibaki na nafasi ya mbuzi.

Nikaisoma mara ya pili. Utamu haumalizwi kwa mara moja.

Halafu nikaenda kunywa chai. TV ya hoteli ilikuwa na ramani ya Kenya, na kaunti yetu imepakwa rangi ya Ngazi, nzima, kutoka Kipsing mpaka Sericho. Wataalamu wa Nairobi wakaanza kueleza kwa nini Isiolo imegeuka. Mmoja akasema ni bei ya unga. Mwingine akasema ni vijana. Wa tatu, mwenye tai, akasema ni ukame na visima ambavyo havikuchimbwa.

Watu wamesoma mpaka wamechakaa, na hakuna hata mmoja aliyetaja maziwa.

Mimi niliyeacha shule kidato cha pili ndiye ninayejua. Nikawaambia wenzangu mezani, "Huyo wa tai aje nimfundishe." Wakacheka. Lakini hawakubisha.

Iko hivi. Mama yangu anauza maziwa ya ngamia sokoni tangu sijazaliwa. Ana mdogo wake wa kiume, Jarso. Sisi Waborana mjomba wa upande wa mama tunamwita abuya, na abuya anaheshimiwa kuliko hata polisi. Huyu wangu, Mama ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamwachia nafasi yake ya shule. Akakua, akavaa miwani nyeusi, akawa mratibu wa kampeni za Kufuli kaunti nzima. Gari la kampeni, dereva, koti kwenye jua la saa saba. Koti, Isiolo!

Siku mgombea wa Kufuli alipokuja mjini, Mama aliamka alfajiri. Akachagua maziwa ya ngamia mmoja tu, akayatia kwenye kile kibuyu chake kizuri, kilichofukizwa moshi mpaka kinanukia. Kwetu mgeni mkubwa hupokewa kwa maziwa. Ukimpa, umembariki. Akiyapokea, amekuwa mtu wa nyumbani. Mama alivaa mtandio mpya, akapita katikati ya umati mpaka kwenye gari. Mimi nilikuwa juu ya boda yangu, nikijigamba kwa wenzangu: "Muone. Huyo mama ni wangu, na yule bosi wa miwani ni abuya yangu."

Abuya akashuka. Akapokea kibuyu. Akafungua, akanusa, akakunja uso. Kipaza sauti alikuwa bado amekishika mkononi, kimewashwa, soko zima likasikia.

"Mama, mheshimiwa hanywi vitu vya barabarani. Rudi nyuma."

Akamwaga. Yote. Mtaroni. Akamrudishia kibuyu kitupu na chupa ya maji ya dukani.

Kumwaga, ningemsamehe labda baada ya miaka kumi. Lakini alimwita "mama". Dada yake aliyembeba mgongoni, akamwita vile unavyomwita mwanamke usiyemjua, ili yule mkubwa ndani ya gari asijue kwamba ana dada wa kuuza maziwa.

Mama alirudi na kibuyu kitupu. Wenzangu wa boda waliangalia matairi yao.

Siku hiyo niliapa. Nilisema: abuya, utapoteza hapa nyumbani kwako, na utapoteza kwa mdomo wangu.

Sina gari la kampeni. Nina boda, na abiria wa boda hana pa kukimbilia, atasikia tu. Kwa miezi mitatu hakuna aliyepanda kwangu akashuka bila habari ya kibuyu. Walimu niliwaambia. Wanajeshi niliwaambia. Wachungaji wa mifugo wa Kipsing waliokuja mnadani niliwaambia nikiwa nimezima injini kabisa, wasikose neno. Mzee mmoja wao aliuliza, "Alimwaga maziwa? Yenye hayajaharibika?" Nikamwambia yalikuwa bado na joto la ngamia. Akashuka, akavua kofia yake ya Kufuli, akaitundika kwenye mti wa miiba. Nadhani mpaka leo iko hapo.

Madereva wa malori wakaibeba habari mpaka Sericho. Na huko, ambako mtu hutembea siku nzima kutafuta maji, kumwaga maziwa si habari ya kuchekesha.

Sasa kuungama.

Niliongeza kidogo. Wiki ya pili niliona habari inapoa, nikaweka teke. Nikasema abuya alikipiga kibuyu teke. Haikuwa kweli, lakini mlio wake ulikuwa mzuri, na mimi napenda kitu chenye mlio. Kumbe teke linazaa. Habari iliporudi kutoka Sericho, nilisimuliwa na abiria ambaye hakunijua: mgombea mwenyewe alikuwa amenawa miguu kwa maziwa ya mama mjane, na mama huyo amelazwa hospitalini.

Mama alikuwa sokoni, mzima, anagombana na mteja.

Nilisema tu, "Ala, kumbe!" Sikumsahihisha.

Na kuungama kwa pili, kwa sababu leo niko mkweli: unga pia ulikuwa bei mbaya. Na visima kweli havikuchimbwa. Labda watu walikuwa wameshachoka, wakitafuta tu mahali pa kuangushia hasira, nami nikawapa kibuyu. Labda. Lakini hilo nitalisema hapa tu. Kijiweni nitaendelea kusema ni mimi.

Basi leo jioni, nikiwa bado najipongeza, nikamwona abuya anakuja nyumbani kwa miguu. Gari limerudi Nairobi na wenyewe. Hana miwani. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Majirani wakatoka milangoni mmoja mmoja, kama wanaoanua nguo.

Nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo sana.

"Salaam aleikum," akasema. Mama akaitikia, akamwonyesha kiti. Halafu akaniita.

"Guyo, mletee abuya yako maziwa."

Kibuyu ni kile kile. Nilijaza kikombe, nikasimama mbele yake, lakini sikumpa.

"Abuya, kwanza niambie. Huyu ni nani?" Nikamwonyesha Mama.

"Guyo, wacha," Mama akasema.

"Nauliza tu. Ile siku soko zima lilisikia ukimwita mama tu. Pengine humjui."

Abuya aliangalia chini. "Ni dada yangu."

"Sisikii. Ile siku ulikuwa na kipaza sauti."

"Ni dada yangu!" Sauti ikapasuka. Mbuzi wa jirani akashtuka. Majirani waliacha kujifanya wanaanua nguo. "Ni dada yangu Halima, alinilea, na nilimkana mbele ya watu. Umeridhika?"

Nilikuwa nimeota maneno hayo kwa miezi mitatu. Nikampa kikombe. Kwenye ndoto zangu alikuwa anakikataa, nami namfukuza. Lakini yeye alikunywa yote bila kupumua, akafuta mdomo kwa mkono, na akaomba kingine. Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?

Hapo ndipo kandambili ya Mama iliponipata kisogoni. Ana shabaha, huyo mama.

"Hiyo ni ya kumuuliza abuya yako maswali kama polisi," akasema. Akavua ya pili, akaishika tu. "Na hii inangoja. Nani alisema Jarso alipiga kibuyu changu teke?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Alinimwagia maziwa, nililia, ni kweli. Teke hakupiga. Kesho utaenda kwa kila mtu uliyemdanganya, umwambie hakukuwa na teke."

"Ayo, mama yangu, mpaka Kipsing?"

"Mpaka Sericho kama ilifika huko."

Nikajitetea. Nikamwambia nilifanya kwa ajili yake, kwamba mtaa wote, kaunti yote, wamegeuka kwa ajili ya kibuyu chake, na zile kura chache za Kufuli pale mlangoni ni za wasio na aibu.

Mama akavaa kandambili yake.

"Moja ni yangu," akasema.

Abuya aliinua uso. Hata yeye hakujua.

"Ni ndugu yangu. Kazi yake ilikuwa kwenye hiyo kura. Wewe uliapa, Guyo. Mimi sikuapa."

Nimekaa hapa nje na simu, nikiwasikia ndani wanacheka habari za utoto wao kwa Kiborana, abuya akiomba kikombe cha tatu. Asubuhi niliisoma ile fomu mara mbili, kwa sauti, nikizicheka zile kura chache, na mama yangu alikuwa humo.

Kesho nawasha boda mapema. Nitaanza na Kipsing, nimtafute yule mzee wa kofia. Teke nitaliondoa, nimekubali. Maziwa kumwagwa nitayaacha, kwa sababu ni kweli. Na lile neno "mama", abuya, Mama amelisamehe na hiyo ni haki yake. Mimi nalo nitalibeba mpaka uchaguzi ujao.