Samaki Mwenye Chunjua ya Fundi Tong

Shoga uko? Acha unachofanya. Yinhua kamkomesha Fundi Tong!! 😭

Si unajua miaka mitatu yote Yinhua ndiye anayechora samaki wa buluu kwenye ile mitungi, mfano wa ile ya kale ya enzi za wafalme wa Ming, halafu Tong anaandika jina lake kwenye kitako? Juzi Yinhua kamwomba amwache aandike lake yeye, mara moja tu, kwa ajili ya maonyesho. Tong akacheka: "Wewe mkono tu, binti. Mkono hauna jina."

Mkono hauna jina!!! Kamwambia hivyo!

Sasa si kabla ya mtungi kuchomwa, mchoro unafunikwa na ule uji mweupe wa kung'arisha, huoni kitu mpaka moto uuyeyushe uwe kama kioo? Tong kaukagua mtungi wa maonyesho kabla ya uji, kaandika jina, kaondoka. Yinhua akamkwangua samaki mmoja, akachora mwingine. Akakwangua na lile jina. Kisha akaufunika wote kwa uji, kimyaa.

Leo asubuhi tanuri limefunguliwa mbele ya wageni. Tong kaunyanyua mtungi: "Kazi ya mikono yangu!"

Shoga. Samaki ana sura ya Tong. Chunjua ya puani, vile vindevu vitatu, vyote!

Yule mama mwandaaji wa maonyesho akaugeuza, akasoma kitako. "Yinhua ndiye nani?"

Tong anafoka: "Upasueni!"

Mama kaukumbatia. "Thubutu! Huu ndio unaokwenda kwenye maonyesho."

Yinhua akanyoosha mkono, buluu mpaka kwenye kucha. "Mkono ndio huu, fundi. Jina lake umeliona?"