Nilipokwambia Umeme Umetoka

Fundi Sefu,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ni mimi Hamisi, uliyenifundisha kazi ya rada za meli miaka sita. Nimo chumbani kwangu Majengo, na kesho asubuhi nakwenda polisi.

Wacha nianze na meli ya wiki jana. Unakumbuka lile jarida lako lenye picha za mashine za Ulaya za kukimbiza chembe za atomu? Ulisema, "Nazo zinakusanya umeme na kuuachia kwa kishindo kimoja, kama rada yetu. Siku moja swichi yake itakuwa kijiwe." Basi kijiwe kimefika, Fundi. Wanakiita thairista, cha silikoni, hakizidi kifungo cha koti. Ile valvu kubwa iliyokuwa iking'aa zambarau kila ilipofyatua umeme, haimo tena. Unachungulia ndani ya sanduku la rada na hakuna kinachokwambia kama umeme umelala au uko macho.

Ofisa wa meli alisimama nyuma yangu. Walitaka kung'oa nanga alasiri ileile. "Nimeshazima," akasema. "Tia mkono, umeme umetoka."

Maneno yale nilikuwa nayajua.

Nikachukua fimbo yenye waya wa ardhi, nikaigusisha kwenye kapasita, ile inayohifadhi umeme. Pa! Cheche nyeupe, ofisa akaruka hadi mlangoni. Waya wa kuiamsha thairista ulikuwa umekatika, na umeme wote umekaa humo, hauna pa kutokea. Ungepita mkononi mwangu. Nikakaa chini sakafuni.

Kwa sababu siku ile yako, kazi ya fimbo ilikuwa yangu.

Nilizima swichi kuu, nikaona valvu haiwaki, nikadhani yamekwisha. Haikuwa ikiwaka kwa kuwa ilikuwa imekufa. Ukaniuliza, "Umeutoa?" Nikakujibu, "Nimeutoa, Fundi." Fimbo ilikuwa bado imetundikwa ukutani. Hukugeuka kuitazama. Uliniamini, ukatia mkono.

Na matangani waliposema Fundi Sefu alijisahau, kwamba uzee ulikuwa umeshamwingia, nilikuwa pale pale na sinia ya kahawa mikononi. Nikaendelea kugawa kahawa.

Niliposhuka melini wiki jana nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikamwambia. Amenisimamisha kazi, na akaniambia mambo haya lazima yafike polisi. Kisha nikatembea hadi Mji wa Kale, kwa mkeo, Bi Mwanaisha. Alikuwa akichagua mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakulia. Aliweka ungo chini.

"Miezi minane, Hamisi," akasema, "miezi minane nalala na kuamka nikimkasirikia mume wangu kwa uzembe wake. Na wewe kila Ijumaa unaletewa wali wangu hapo barazani, unakula, unasema ahsante mama?"

Nikasema ndiyo.

Akaniambia nitoke. Nilikuwa sijamaliza ngazi za baraza nilipomsikia ndani akikuita. Si "marehemu", kama alivyozoea tangu ufe. Alikuita kwa jina lako, Sefu, Sefu, akikuomba radhi.

Radhi hiyo ilikuwa juu yangu mimi kuiomba. Nakuomba leo, Fundi, nikijua huwezi kunijibu. Na yeye sijui kama atanisamehe, sikuthubutu kumuuliza.

Naogopa kesho. Huenda wakanifunga. Lakini wakiniuliza ni nani aliyesahau, nitawaambia hukusahau wewe. Uliuliza, na ukadanganywa na mtu uliyemlea kikazi. Nakuahidi hivyo ndivyo itakavyoandikwa, na chini yake nitatia sahihi yangu, jina kamili, bila kubadili hata neno.

Pumzika, Fundi wangu. Mola akuweke pema.

Hamisi