Kila Jioni Lazima Nipitie Mahali Kwanza

Kwako Tiya Consing, shangazi wa wote katika redio yetu ya jioni,

Kwa heshima na taadhima, mimi Eliseo Palmares, fundi saa wa hapa Molo, naleta kwako shauri lililonishinda, nikiomba unisaidie kabla mke wangu Nenita hajajifungua, kwa kuwa siku zake zimekaribia mno, na mimi, mume wake halali, nimeshindwa kufika nyumbani kama wafikavyo wanaume wengine.

Kaka yangu Ruding alifariki mwezi wa pili. Nilipotoka kwenye mkesha wake nilizingatia desturi, nikapitia kwanza kibanda cha supu ya tambi ili marehemu asinifuate hadi mlangoni, lakini viti vilikuwa vimejaa, nikasimama kidogo tu, sikuagiza chochote, nikaondoka, na asubuhi Nenita akaamka na homa, ndipo nikaanza kujiuliza kama kusimama bila kula kunahesabika kuwa ni kupita, nikaenda kumuuliza mwenye kibanda, naye akacheka, akaniita kaka kwa heshima, akasema, "Manong, hapa asiyekula hajafika!" Alitania, najua, ila neno lile liliniingia, na ingawa homa iliisha, tangu hapo kila nitokapo kazini ni kana kwamba mkesha ule haujaisha: hupita mahali nikala, kisha nikihisi sikukaa vya kutosha hupita pengine, kisha pengine tena, hata siopao niliyomnunulia mke wangu, mkate wa nyama uliopikwa kwa mvuke, hunipolea mkononi, na nikifika langoni hutazama nyuma, na mara nyingine hurudi nilikotoka.

Mke wangu aliniuliza, "Huyo unayempitia ana jina gani?" Nikamjibu kwamba hakuna mwanamke. Akasema, "Basi anapika vizuri huyo Hakuna wako, maana unarudi umeshiba kila siku na wali wangu unalala." Sikuthubutu kumweleza ukweli, nikichelea kumtia mjamzito hofu ya marehemu.

Juzi jirani yetu Manang Puring alinijia mbio dukani: "Seo, acha hizo saa, mkeo kashikwa na uchungu!" Nikatoka naye kwa nia njema kabisa, lakini tulipofika kona nilimwomba atangulie, nikaingia duka la mikate, kisha duka la dawa, na nilipofika nyumbani uchungu ulikuwa umetulia, Nenita amekaa kitandani, akatazama makombo mdomoni mwangu, akasema kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Siku mtoto akija nawe bado unatafuna barabarani, nitaondoka naye kwenda kwa mama, na usitufuate."

Tiya, nifanye nini ili nipate hakika kwamba kaka yangu hanifuati?

Wako mtiifu,
Eliseo Palmares

*

Eliseo,

Pole kwa msiba. Pole yangu imeishia hapo, sasa sikiliza.

Mimi nami nikitoka mkeshani hupitia mahali, kwa hiyo sitakucheka. Lakini desturi inamtaka mtu apite mara moja, akitoka kwa maiti. Haikumwagiza fundi saa apite kila jioni akitoka kazini. Hayo umejitungia mwenyewe. Na kumwacha mke mwenye uchungu mikononi mwa jirani ili ukanunue mkate! Ningekuwa Manang Puring ningekuburuta kwa sikio.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Maduka umeyaeleza yote, hata makombo. Kaka yako umempa sentensi moja. Hukusema alikuwa mtu wa namna gani, aliugua nini, wala kama ulilia. Nadhani hukulia. Nadhani ulishughulika kupokea wageni na kugawa biskuti mpaka Ruding akazikwa, na huzuni yako imekosa mahali pa kukaa, ndiyo unaizungusha mitaani kila jioni.

Swali lako silijibu. Hakika unayoitaka haiuzwi katika duka lolote, na kila unapopita mahali kuitafuta, hofu inazoea kulishwa, kesho inadai zaidi.

Mweleze Nenita yote leo hii. Mwanamke aliyedhani mumewe ana hawara atapumua akisikia kumbe ni shemeji yake. Kesho mchana, akiweza kutembea, nendeni wote wawili kwenye kibanda kile. Keti kwenye kiti. Mwagizie Ruding bakuli lake, msimulie mkeo habari zake, na machozi yakija usiyafiche. Kisha mrudi nyumbani moja kwa moja. Siku zitakazofuata miguu itataka kukata kona. Utaogopa. Fika nyumbani ukiogopa hivyo hivyo, na usirudi kutoka langoni. Hofu ikikuzidi nguvu, nenda kituo cha afya umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Huko hutakuwa wa kwanza.

La mwisho. Saa hizi maduka yote ya Molo yamefungulia redio. Kama unanisikia ukiwa umesimama kwenye duka la mtu, siopao mkononi, iache hapo mezani, Eliseo. Nenita naye ana redio, na haya yote ameyasikia. Ameshajua uko wapi, na anahesabu hatua zako. Nenda.