Shikamoo Niliyompa Jesca

Tunduma

Mama,

Shikamoo. Naiweka mwanzo kabisa, ingawa umeagiza nisikuletee tena. Kama hutaki kuipokea iache hapohapo kwenye karatasi, haitakula chakula cha mtu. Goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua hizi? Yale maharage ya kando ya mto yalipona, au maji yaliyachukua? Na dawa ya kifua bado unakunywa, au umeificha chini ya godoro kama kawaida yako? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka naenda kazini.

Wifi alinipigia Jumapili. Alisema uko pembeni yake ila hutaki kushika simu, kisha akanipa ujumbe wako kama mtu anayesoma matangazo kanisani: "Mama anasema, kama shikamoo unawapa watoto wa Tunduma, yeye usimletee." Nyuma yake nilisikia kuku, nikasikia watoto, nikasikia na kaka Lwitiko akikohoa kile kikohozi chake cha kuona aibu. Simu ya wifi inaongea kwa spika, nyumba nzima inasikiliza, ndiyo maana sikujibu. Nimeamua kuandika, tena kwa herufi kubwa, usome mwenyewe bila kumwita mtu.

Aliyekuletea habari ni mume wa Tabu, yule mchuuzi wa ndizi. Najua, kwa sababu siku ile alikuwa anashusha ndizi karibu na geti la kazini kwetu, nikamwona amesimama na mkungu begani amesahau kuutua. Hakusema uongo. Kweli nilimwamkia msichana wa miaka ishirini na saba, na kweli yeye aliitikia marahaba. Ila mume wa Tabu hakuona mwanzo wake, na aliondoka kabla ya mwisho. Nitakueleza vyote viwili.

Unalikumbuka lile ghala nililokaa miaka kumi na tisa nikihesabu magunia yanayoingia na kutoka. Mwenye ghala alipofariki wanawe waliliuza, na mnunuzi akaja na watu wake. Sikugombana na mtu. Nilijua anayeweza kuhesabu mzigo hawezi kukosa kazi mji huu, malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Nikachukua vyeti vyangu, nikaanza kuzunguka.

Mama, mimi nilidhani kukataliwa ni kufokewa. Huku nimekataliwa kwa heshima. Ofisi ya kwanza kijana alisimama, akaniamkia, akanipa kiti chake, akaagiza soda. Nikajua nimepata. Nilipoimaliza soda akaniambia, "Mama, wewe nitakutumaje? Nikikwambia panda juu ya lori ukahesabu, mama yangu akisikia nimekwisha." Ofisi ya pili ilikuwa vilevile, bila soda. Ya tatu walikuwa wamebandika tangazo ukutani: mwombaji asizidi miaka thelathini na tano, awe na uzoefu wa miaka ishirini. Nikatoa hesabu palepale. Huyo mtu aanze kazi ana miaka kumi na mitano, sasa kidato cha nne amalize lini na cheti asomee lini? Nikamwuliza mlinzi. Akasema, "Hilo tangazo halikuhusu, mama," akanifungulia geti kwa mikono miwili.

Jirani akanishauri nipake piko. Nikapaka. Mvi zilijificha, magoti hayakujificha.

Nina miaka hamsini na moja, na wewe ndiye shahidi wake, sikuiokota njiani. Kinachoniuma ni kwamba hesabu yao haiko sawa. Mtu wa umri wangu ana miaka tisa mizima kabla ya sitini. Hao vijana wanaowachukua hukaa miezi minane, wakisikia Nakonde kuna nyongeza kidogo wanavuka mpaka. Sasa mwenye muda mfupi ni nani? Lakini hakuna aliyekubali kuhesabu na mimi. Wote waliniita mama, wakanihurumia, wakanisindikiza mpaka mlangoni.

Nikakaa nikawaza. Nikaona kinachoninyima kazi ni ile salamu. Mtu akishaniamkia, hawezi tena kunituma.

Jesca, huyo msichana uliyeambiwa habari zake, ana yadi ya kufaulisha mizigo, yaani wanatoa mzigo kwenye lori moja na kuupakia kwenye jingine. Nilisikia anatafuta karani wa kuhesabu. Nikaenda asubuhi, na nilipoona anaanza kuinuka kitini, nikamuwahi.

"Shikamoo, bosi."

Vijana wa kupakia wakaacha kupakia. Jesca akabaki kati, hajakaa wala hajasimama. Akawatazama vijana, akaitazama meza, akasema kwa sauti ndogo, "Marahaba." Akakaa. Na alipokaa tu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu ghala liuzwe, kwamba naweza kuanza lini.

Nilijiambia ni ya siku hiyo tu. Lakini kesho yake ningemsalimuje? Nikisema "habari yako" atajiona ameshushwa mbele ya watu wake. Basi ikawa kila asubuhi. Mwezi wa kwanza marahaba yake ilikuwa na aibu, wa pili ikawa ya kawaida, wa tatu akawa anaitoa huku anatazama simu. Vijana nao wakaanza kuniita Tuse, kama rika lao. "Tuse, sogea, lori linarudi nyuma." Waliobaki kuniheshimu ni madereva wa Zambia, wao huniita bamayo, ndiyo mama kwa lugha yao. Mimi nilikuwa nacheka nao wote. Kazi inakwenda, chumba cha tatu cha nyumba yangu nimekipiga lipu, nikaona nimewaweza.

Siku aliyoniona mume wa Tabu, kwenye benchi la getini alikuwa amekaa mama mmoja na kifurushi cha karanga. Alikuwa mama yake Jesca, mkulima wa Itaka, amekuja kumwona mwanawe. Mimi sikumjua. Nilipita, nikatoa shikamoo yangu kama kila siku, Jesca akaitikia na kunipa karatasi za lori la mchele. Mume wa Tabu akaondoka na mkungu wake. Yule mama akaita taratibu.

"Jesca, huyo uliyemwitikia ni nani?"

"Mfanyakazi, mama."

"Sikuuliza kazi yake."

Akainuka, akanifuata mimi, akaniuliza nilizaliwa mwaka gani. Tukalinganisha. Nimemzidi miaka miwili. Akainama mpaka goti likagusa kokoto, akapiga makofi madogo kama wanavyosalimia kwao, akasema, "Shikamoo, dada."

Mama, nilifungua mdomo niitikie, na mdomo ukasema shikamoo.

Sikuwa natania. Mdomo ulikwenda wenyewe pale ulipozoea. Nikaitafuta marahaba, sikuipata haraka. Yule mama akaushika mkono wangu, akasubiri kama unavyomsubiri mtoto anayejifunza kusoma. Vijana wale hucheka hata gunia likipasuka. Siku hiyo hawakucheka.

Hilo ndilo ninalolijutia. Kumwamkia Jesca nilikusudia, na kama ningekuwa bado natafuta kazi labda ningefanya tena. Kuzoea sikukusudia.

Kesho yake Jesca alinisubiri getini, macho chini, akaniamkia. Nikaitikia sawasawa, nilikuwa nimeifanyia mazoezi wakati naosha vyombo. Halafu hakunituma. Malori yaliingia, akanipita nimekaa, akaita kijana mwingine akahesabu. Siku ya pili vilevile. Nikaona yale ya kiti na soda yamenifuata mpaka hapa. Siku ya tatu niliingia ofisini kwake nikafunga mlango.

Nikamwambia, "Jesca, mwanangu, niamkie, halafu unitume. Daktari wa meno anamwambia bibi yako afungue mdomo, na anafungua."

Akacheka huku anajifuta macho. "Na ukikosea hesabu, nitakufokeaje?"

"Sikosei. Nikikosea, nifokee taratibu."

Ndivyo tulivyo hadi leo. Ananiamkia, naitikia, na kunituma ananituma, ingawa anazunguka sana. "Mama, kama hutajali, lile lori..." na lori lenyewe dereva ameshawasha injini. Ameniongezea mkataba wa miezi mitatu. Baada ya hapo sijui. Nimesikia anatafuta kijana wa kusaidiana na mimi, na jibu la hesabu hiyo nalijua bila kuandika. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu.

Mwaka jana uliponiambia umri wa kutumwa umenipita, nirudi nyumbani, mashamba yapo, nilikasirika. Mashamba ni ya kaka, mama. Nyumba hii ni yangu, kila tofali nalijua lilikotoka. Nilikuwa nikitaka kukuonyesha kwamba ninaweza kutumwa bado. Labda ndiyo maana nilimuwahi yule binti haraka vile.

Lakini aliposema wifi kwamba hutaki shikamoo yangu, nilikaa kitandani na viatu miguuni. Baba hayupo, mama wakubwa wote wameondoka. Umebaki wewe peke yako ambaye nikimwamkia naona kweli nimemwamkia mkubwa wangu. Ukiikataa wewe, nitabaki na ile niliyompa Jesca.

Msalimie kaka Lwitiko, mwambie kikohozi chake nilikisikia na nikakielewa. Msalimie wifi mwenye simu, mwambie nafasi yangu ya kuamkiwa na watoto wake asiipe mtu mwingine. Watoto wenyewe waambie nikija Krismasi wanisalimie mmojammoja, bila kusukumana, na wasikimbie kabla sijaitikia. Msalimie Tabu. Mume wake ndiye anayekuletea barua hii, kwa hiyo nimeibana kwa gundi na kuizungushia uzi, na asinikasirikie. Mwambie siku nyingine autue mkungu, aingie ndani anywe chai, aone mpaka mwisho.

Yeye atarudi Tunduma Alhamisi na ndizi. Wewe kuandika unajua, ulijifunza ile elimu ya watu wazima ukiwa na mimi mgongoni. Sihitaji barua, neno moja linatosha, unalijua. Liandike hata nyuma ya karatasi hii, umpe. Mimi nitakuwa getini. Akishusha ndizi tupu, nitaelewa.

Mwanao,
Tusekile