Stempu ya Kurudi

3 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua barua hii unaifungua umesimama. Kaa kwanza. Mimi mzima, magoti tu yananung'unika. Hofu ni kwako wewe unayekula usichopikiwa na mimi. Jirani yetu Redio anakusalimu, na kufikia jioni mtaa mzima utajua kwamba amekusalimu.

Ama baada ya hayo, nina habari. Posta wamenikumbuka, na safari hii si kuchora vipepeo. Wanataka stempu nne za kuadhimisha safari za anga: roketi inaondoka, mwanaanga anatembea mwezini, satelaiti inazunguka, na ya mwisho chombo kinarudi nyumbani. Mimi ambaye hata lifti hunitia kizunguzungu!

Tatu nimeshamaliza. Unakumbuka kazi yenyewe ilivyo: nachora picha kubwa kama mto wa kulalia, halafu mitambo yao inaifinya mpaka inaenea kwenye dole gumba. Nikitaka kuiona ikiwa ndogo naitundika ukutani, narudi nyuma hadi mlangoni, na kuitazama kwa darubini ya marehemu baba yako, ile aliyotazamia mpira kutoka juu ya paa ili asilipe kiingilio. Naigeuza, upande mkubwa jichoni, na kila kitu kinakwenda mbali. Juzi nilipomaliza mwanaanga sikuishusha darubini. Nikageukia dirishani, nikaona uwanja wetu, shuka nyeupe kwenye kamba, Redio anaanua nguo, vyote vidogo, vinaelea, na Redio kwa mara ya kwanza maishani mwake hana sauti. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Sasa ugomvi. Picha zako zote za siku hizi umegeukia upande mmoja kama mfalme kwenye sarafu. Hilo shavu jingine umemwazima nani? Nitumie uso mzima. La, ulete mwenyewe. Utakuja lini?

Mama yako

1 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, mikate inaumuka na mimi nyuma yake. Pole na magoti. Mwambie Redio salamu zimefika, na asiongeze chumvi.

Habari ya stempu imenifurahisha mno. Siku hizi nikitoka kiwandani kunapambazuka na mwezi bado uko juu, umechoka kama mimi. Viatu vyangu huwa vimejaa unga, kwa hiyo naacha nyayo nyeupe barabara nzima. Juzi nikageuka nyuma kuzitazama, hakuna mtu, hakuna gari, nyayo zangu tu. Nikasema, kumbe mwanaanga wa Mama ni mimi. Nikatembea polepole, nikiinua miguu juu kama asiye na uzito. Mfagiaji mmoja alinipisha, nadhani alifikiri nimelewa.

Kuhusu kuja, likizo bado. Mambo yakikaa sawa nitakwambia. Picha hii hapa.

Kitindamimba wako

20 Machi

Mwanangu,

Nimepokea picha. Mfalme yuleyule, sarafu ileile. Mimi mzima wa mwili, akili ndiyo imechoka.

Ile stempu ya nne imenishinda. Nilimpelekea mkuu wa stempu, yule tunayemwita Bwana Lenzi kwa sababu hatoki bila kioo chake cha kukuzia. Ni mtu wa adabu. Alitazama muda mrefu, akasema, "Mama, nisamehe. Mbona chombo hiki kama kinaondoka?" Nikarudi nacho nyumbani. Nikakielekeza chini, nikakipa mwavuli, nikakipa nyika ya kutulia, hata watu wa kukipokea nikawaweka. Akakiinamia tena, akasema, "Sasa kinaondoka na mwavuli."

Cheka, lakini mimi imenitoa jasho. Jana nimelala mchana, nikaota chombo changu kinapita juu ya bati letu kimyakimya, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningekigusa. Nikakiita. Kikapita, kikaenda arijojo.

Tatizo nalijua. Kuondoka nimekuona. Ulisita mlangoni na begi lako, mimi ndiye niliyekusukuma, nikasema nenda, kijana hakai nyumbani akihesabu mabati ya paa. Kurudi sijakuona, na mkono hauchori kisichopita machoni. Nimebakiwa na mara moja tu. Ikikataliwa, ya nne anapewa mchoraji mwingine, na mimi nitakuwa mama wa kuondoka tu. Ingeniuma, mwanangu. Naitaka hiyo kuliko zile tatu.

Hebu nisaidie kufikiri.

Mama yako

2 Mei

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Afya ninayo.

Nilikwenda maktaba kutazama picha za vyombo vilivyorudi kutoka angani. Mama, vyote vimeungua. Kinapoingia kwenye hewa yetu, chombo kinashika moto upande wa chini. Kinachoondoka kinang'aa, kimepakwa rangi mpya. Kinachorudi kina masizi. Cha kwako nadhani umekichora kisafi mno, ndiyo maana kinaonekana kinaondoka.

Nilijua hivyo hata kabla ya maktaba. Mwaka juzi mlango wa tanuri ulifyatuka wakati nimeinama. Moto ulinipata shavu la kushoto, sikio na shingo. Jicho lilipona, nashukuru. Kovu haliumi tena, ngozi inavuta tu nikicheka. Nimekuwa nikikupa upande wa kulia.

Likizo ninayo, Mama. Siku zote ninayo. Siogopi mtaa, Redio na atangaze anavyotaka. Nakuogopa wewe, ambaye kazi yako ni kutazama. Ulinituma mzima. Nitakurudiaje hivi?

Kitindamimba wako

19 Mei

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Leo sina salamu. Unaungua peke yako na mimi niko hapa natia rangi mabawa ya vipepeo! Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio nimekilia mimi, mpaka Redio akaingia bila hodi. Nikamwambia yote. Utashangaa: mpaka leo hajamwambia mtu.

Kisha nikanawa uso, nikashika brashi. Rangi nyeusi ya dukani niliiona safi mno, haijapata tabu yoyote. Nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na gundi kidogo. Upande wa chombo ulioungua nimeugeuzia mtazamaji, sikuusukumia kivulini. Nilikwenda nao taratibu, siku kwa siku, na kadiri nilivyoutazama ndivyo nilivyoupenda: kuna kahawia, kuna zambarau, kuna sehemu laini zinazoshika mwanga. Niliona aibu ya kuuogopa ikinitoka mkononi.

Bwana Lenzi alikitazama, akakiweka kioo chake mezani. Akasema, "Mama, huyu amefika." Huyu, mwanangu! Hakusema hiki. Mtu mzima anayejua lugha yake.

Unaniogopa mimi? Mimi niliyekutazama ukiwa umekunjamana, mwekundu, huna nywele, na nikasema sijaona kizuri kama hiki? Njoo. Lile shavu nalitaka zaidi ya lile jingine, jingine nimelizoea.

Mama yako

14 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima, ila nasikilizia mlango. Siku zinapita na hujajibu.

Stempu zimetoka. Tazama kwenye bahasha, hiyo ni yako, nimeilamba mwenyewe, gundi yake chungu kidogo. Chombo kimekuwa kidogo kama punje ya maharage, lakini masizi yanaonekana bila darubini.

Kuna jambo linanikosesha raha. Labda umeona nimelichukua kovu lako bila ruhusa nikawapa watu walambe. Kama nimekuudhi, niambie kwa maneno makali, nitayapokea. Kimya chako ndicho siwezi kukipokea.

Mama yako

6 Agosti

Mwanangu,

Bahasha yangu imerudi, haijafunguliwa. Stempu iko palepale pembeni, imegongwa mihuri miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kuja. Nikakaa chini hapo hapo mlangoni, ndipo nikaona mwandiko wa mwenye nyumba wako kwa kalamu nyekundu: "Amehama. Kasema anakwenda kwa mama yake. Rudisha kwa mtumaji."

Nimeyasoma maneno hayo mpaka Redio akaninyang'anya bahasha. Mtumaji si ndiye mimi? Mimi ndiye niliyekutuma, nani mwingine wa kurudishiwa?

Treni ya mbali huingia mchana. Tangu juzi nakwenda stesheni kuisubiri, darubini shingoni. Naishika upande wake sahihi, nikuone ungali mbali.

Barua hii haina stempu. Naiacha juu ya mto wako, kwa sababu watu hupishana. Kama unaisoma, basi Redio amekupa ufunguo, na mimi niko stesheni nawakodolea macho watoto wa wenzangu. Chai imo kwenye chupa. Kaa pale dirishani penye mwanga, nakuja.

Mama, mtumaji wako