Dari ya Chumba cha Nyuma Haijaanguka

Mpendwa Bi Anthoula,

Naomba unisaidie haraka maana meli ya Jumamosi haitanisubiri, na mimi si mtu wa kulialia magazetini, nina vyumba vitatu vya kukodisha hapa mjini Naxos, karibu kabisa na bandari, safi, vya bei nafuu, muulize yeyote, watu wanaofukuzwa na bei za hoteli za ufukweni huishia kwangu, na kila meli ikifunga gati mimi nipo mstari wa mbele na ubao wangu wenye picha za vyumba, na wenzangu wanajua kwamba nikishamtazama mgeni machoni huyo ni wangu.

Nyumba niliachiwa na mama, si unajua kwetu nyumba ya mama ni ya binti, na kaka yangu Iakovos alipewa shamba la mlimani, akaliuza, akaenda zake Piraeus, bandarini kwa Athens, akawa fundi wa lipu, hakuna aliyemdhulumu. Lakini kila Agosti anakuja na wifi yangu Vaso na watoto wao na kukaa chumba cha nyuma mpaka sikukuu ya Bikira Maria ipite, bure, na mimi simwambii kitu, nawafulia mashuka, nawapikia, nawasikiliza watoto wakirukaruka vitandani, huku wageni wenye pesa mkononi nawarudisha mlangoni, na sisi Agosti ndiyo inayotulisha mpaka Pasaka.

Mwaka huu walimu wawili wastaafu kutoka Ubelgiji, mtu na mkewe, wapole sana, waliomba chumba hichohicho kwa siku hizohizo, nikakubali, wakalipa, na nilipompigia simu Iakovos nimwambie, ulimi ukakataa, nikajikuta nasema dari ya chumba cha nyuma imeporomoka, yote, vumbi mpaka uani, hakukaliki. Nilidhani atanipa pole na kutafuta pengine. Mwaka juzi alishawahi kutafuta, Vaso alinisimulia tukacheka, kwamba alipiga simu nyumba moja ya wageni huku kwetu kuuliza bei, na mama wa pale akamuuliza kama ndiyo mara yake ya kwanza kuja Naxos, akakata simu hata bei hajatajiwa.

Sasa sikia alivyonijibu. "Usimwite fundi yeyote, mdogo wangu, hao watakukamua. Chumba changu nitakitengeneza mwenyewe. Nakuja na jasi na vifaa vyangu, Vaso na watoto watalala popote." Tena ameomba ruhusa kazini ili awahi meli ya Jumamosi. Mume wangu Nikiforos anasema basi tuibomoe hiyo dari kweli, nyundo anayo, na sijui kama anatania. Nimwambie Iakovos imeshatengenezwa? Au nimwambie bahari imechafuka asije? Tafadhali usitaje jina langu, kisiwa hiki ni kidogo.

Mwenye Vyumba, Naxos

*

Mpendwa Mwenye Vyumba,

Jina lako sikulitaja. Wewe mwenyewe umemtaja kaka yako, wifi yako, mume wako na dari yako, kwa hiyo gazeti hili likitoka Alhamisi, kuanzia bandarini hadi vijiji vya milimani watakuwa wameshakujua. Na linauzwa Piraeus pia, palepale watu wanapopandia meli. Nakwambia hili kwanza ili usipoteze muda kutunga uongo wa pili.

Pole nakupa, maana nami nina binamu zangu Athens na Agosti naijua. Kutaka kukodisha chumba chako si dhambi, na kumwambia kaka yako kwamba umechoka kuwarudisha wageni mlangoni si dhambi pia. Maneno hayo ulipaswa kuyasema zamani, mezani, mnakunywa kahawa. Umenyamaza miaka yote, na siku ya kufungua mdomo ukaufungua kwa uongo.

Sasa nikukaripie. Una jicho la kumtambua bandarini mtu asiye na pa kulala, ila kaka yako hujamwona. Mtu kazaliwa Naxos, anapiga simu kuuliza bei ya kitanda Naxos, anaulizwa kama ni mara yake ya kwanza, na wewe na wifi yako mnacheka. Mimi sikucheka. Hicho anachokiita "chumba changu" ndicho alicholala utotoni, au nakosea? Nyumba ni yako na hakuna anayebisha. Hata yeye hajabisha, ndiyo maana anakuja na jasi badala ya kuja na maneno.

Nikiforos aiweke nyundo chini. Wabelgiji wabaki chumba cha nyuma, umepokea pesa zao na hawana kosa. Chumba mnacholala wewe na mumeo kitandikeni mashuka mazuri, kiwe cha Iakovos na Vaso. Ninyi wawili na watoto pandisheni magodoro juu ya paa, kama tulivyolala sote kila kiangazi tulipokuwa wadogo. Nikiforos akinung'unika, mkumbushe kwamba ni yeye aliyetaka kuondoa dari.

Simu piga leo. Sema hivi: "Kaka, dari ni nzima. Nilikodisha chumba chako, nikaona haya kukwambia." Useme hivyohivyo, chumba chako. Usijitetee na usimsingizie mumeo. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Akishatulia mwambie jasi aje nayo tu, maana sijaona nyumba ya karibu na bahari isiyo na ukuta unaobanduka. Sikukuu ikipita kaeni chini, mpatane ni wiki zipi zitakuwa zake kila kiangazi, nusu ya zile anazokaa sasa zitamtosha, na hizo usimkodishie mtu hata akija mfalme.

Jumamosi nenda bandarini kama kawaida yako, mstari wa mbele. Ubao uache nyumbani. Huyo unayempokea anaijua njia.

Bi Anthoula